Picha ya Mganga Mwenye Huzuni

Picha ya mtu haionyeshi pua na macho yake tu. Mchoraji hodari huonyesha pia yaliyomo moyoni. Lakini moyo hauonekani. Basi, anauonyeshaje?

Vincent van Gogh alikuwa mchoraji, mzaliwa wa Uholanzi. Mwezi wa Mei 1890, baada ya kuugua sana, alikwenda kukaa Auvers-sur-Oise, kijiji cha Ufaransa karibu na Paris. Huko alitunzwa na mganga Paul Gachet. Mganga huyo naye alipenda kuchora, na upesi wakawa marafiki. Vincent akamwandikia ndugu yake Theo kwamba mganga alionekana mgonjwa kama yeye mwenyewe. Mwezi wa Juni akamchora.

Tazama kwanza mwili. Mganga ameketi mezani, ameinamisha kichwa na kukiegemeza juu ya ngumi, kama mtu anayewaza mambo ya mbali. Mwenye furaha haketi hivyo.

Tazama sasa rangi. Koti lake ni la buluu, na nyuma yake ni buluu vilevile. Buluu ni rangi ya baridi. Imemzunguka mganga kama maji. Meza ni nyekundu, rangi ya moto. Kando ya wekundu huo, buluu inazidi kuwa baridi, na uso unazidi kufifia.

Tazama mwisho alama za brashi. Vincent hakulainisha rangi. Aliipaka nzito, mstari kando ya mstari. Asiyejua atasema: «Kazi hii haikumalizika.» Sivyo! Mistari hiyo haitulii, kama moyo wa mwenye huzuni usivyotulia.

Mezani pana maua. Ni ya mmea ambao majani yake yalitoa dawa ya moyo. Ni alama ya kazi ya mganga: anatibu mioyo ya watu, na wake mwenyewe una huzuni.

Vincent alikufa tarehe 29 Julai 1890. Mwaka 1949 watoto wa mganga waliitoa picha hiyo kwa nchi ya Ufaransa. Leo inatunzwa Paris, katika nyumba ya makumbusho ya Orsay.

Maulizo
1. Mganga ameketi namna gani?
2. Kwa nini mchoraji alichagua buluu?
3. Je, mistari ya brashi ni kosa? Eleza.
4. Ungemchora mtu mwenye furaha kwa rangi gani?