Ndege ya bei chini, kisha meli ya usiku: njia ya kufika ku mine ya shaba ya Falun

Familia nyingi za watumikaji wa mine, hapa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, ziko na mutoto ao ndugu Ubelgiji. Muzazi anapata viza, anafika Brussels, na kisha anabakia wiki tatu mu salon ya mutoto wake akiangalia mvua. Leo tunapenda kuonyesha njia ingine. Kwa makuta kidogo, mutu mwenye kuwa tayari kule anaweza kuvuka bahari ya Baltic na kuona mahali penye kutugusa sisi watu wa shaba.

Tuanze na viza, juu pale njo watu wanapotelea. Viza ya Schengen yenye Ubelgiji inatoa inatumika vilevile Estonia, Finlandi na Uswidi. Hauombe ingine. Lakini soma muzuri karatasi yenye walibandika mu pasipoti. Sheria inasema siku 90 ndani ya siku 180, lakini weye wanaweza kukupa 15 ao 30 tu. Kama ulipewa kuingia mara moja, usitoke inje ya Schengen hata siku moja: ukienda London, viza imekufa, na vitu vyako vimebakia Brussels kwa mutoto. Na juu uliomba viza ku Ubelgiji, siku zako nyingi zipashwe kuwa Ubelgiji. Siku tano za kutembea zinatosha.

Ndege za bei chini zinatokaka sana sana Charleroi, kule Ryanair ilifungua kituo chake mu mwaka 2001. Kiwanja kinaitwa kiwanja cha Brussels, lakini iko mwendo wa kupita kilometa 50. Bisi ya kufika kule inaweza kulipisha sawa ndege yenyewe. Tafuta ndege ya kwenda Tallinn, muji mukubwa wa Estonia. Kama haiko, tafuta ya Riga, kisha panda bisi masaa karibu tano mupaka Tallinn. Katikati ya juma bei inashukaka. Mwezi wa saba inapandaka.

Bei yenye unaona ni ya kiti tu. Sakoshi ndogo ya kuingia chini ya kiti iko bure. Valizi unalipa, na ukingoja kulipa ku kiwanja, utalia. Mutoto afanye enregistrement mu telefone mbele ya kutoka ku nyumba. Na mwenye pasipoti ya Congo apite kwanza ku guichet waangalie viza yake, hata kama hana valizi. Asipofanya vile, wanaweza kumurudisha ku mulango wa ndege.

Tallinn njo bahari inaanza. Meli za pale ni sawa baki zetu za mitoni, zinabeba watu na magari, lakini zenyewe ni za etaji nyingi, na vitanda, restora na maduka ndani. Kufika Helsinki ni kilometa karibu 80, masaa mbili. Kufika Stockholm, unapanda mangaribi, unateremuka asubui. Hapa njo faida iko: ulisafiri na ulilala, umelipa mara moja. Kabini ya chini isiyo na dirisha njo ya bei chini kupita zingine. Valizi hawapimi sawa ku ndege. Beba mukate na chai yako.

Juu ya nini tikiti inakuwa ya bei chini? Usiku meli inasimama kidogo ku visiwa vya Åland. Visiwa vile ni vya Finlandi, lakini haviko ndani ya sheria ya kodi ya Bulaya. Kwa kusimama pale, meli inapata ruhusa ya kuuzisha pombe na tumbaku bila kodi. Kwa hiyo makuta yenye ulichunga ku tikiti, wanayangojea mu duka. Mwenye kupenda kinywaji ajue mbele.

Tusifiche kitu. Ku njia ile ile, tarehe 28 mwezi wa 9, 1994, meli Estonia ilizama kisha mulango wake wa mbele kuvunjika na mawimbi. Watu 852 walikufa, 137 wakapona. Kisha pale sheria za meli zilikazwa. Lakini fanya sawa vile unafanya ukiingia chini ya mine: kwanza jua njia ya kutokea, kisha ulale.

Kutoka Stockholm, treni inafika Falun masaa karibu tatu. Mine ile ilichimbwa miaka kama elfu moja, ikafungwa 1992. Mu karne ya 17, kuna wakati ilitoa theluthi mbili ya shaba ya Bulaya. Mwaka 1687 vyumba vya chini vilianguka vyote pamoja, vikaacha shimo la upana wa meta karibu 350. Hakuna mutu alikufa, juu ilikuwa sikukuu na watumikaji walikuwa ku nyumba.

Leo wanakuvalisha casque na kukushusha meta 67. Vaa nguo ya baridi, hata wakati wa jua. Watakuhadisia juu ya Mats Israelsson, kijana aliyepotelea mule 1677. Mu 1719 walimufukua, mwili haukuoza juu ya maji ya chumvi ya shaba. Hakuna aliyemujua, mupaka mama muzee mumoja akasogea: alikuwa muchumba wake, alikuwa anamungojea miaka 42. Yeye amezeeka, kijana amebakia kijana. Mwanamuke yeyote wa mutumikaji wa mine, mwenye kungoja bwana mangaribi, ataelewa bila kutafsiriwa.

Neno la mwisho ni la makuta. Estonia wanatumia euro, Uswidi wanatumia korona, na maduka mengi ya Uswidi hayapokee pesa ya mukono. Dola zako zitabakia mu mufuko. Muombe mutoto atembee na weye, ao akupe carte yake.