Mtoto wa Kinyozi na Dhoruba

Paukwa? Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Hapa mtaani Umoja, Nairobi, ukienda kwa kinyozi, utakuta vichwa vimechorwa ukutani kwa rangi ili mteja achague mtindo. Basi London nako, mwaka 1775, kinyozi mmoja alipata mwana, akaitwa Joseph Mallord William Turner. Mtoto akachora, na baba akawa anatundika michoro yake dukani, akiiuza kwa shilingi chache. Alipofika miaka 14, kijana akaingia shule ya sanaa ya Royal Academy.

Enzi hizo viwanda vilikuwa vikifuka moshi Uingereza kote, na watu wengi wakidhani wameishinda dunia. Turner na wachoraji wenzake wa mkondo wa sanaa uitwao Ulimbwende hawakukubali. Caspar David Friedrich wa Ujerumani alichora mtawa peke yake ufukoni, mdogo kabisa, na juu yake anga tupu isiyo na mwisho.

Lakini picha ninayoipenda mimi ni ile Turner aliyoionyesha mwaka 1842: meli ya mvuke imenaswa na dhoruba ya theluji nje ya bandari. Ukiitazama, huoni mstari ulionyooka. Mawimbi, moshi na theluji vinazunguka pamoja, kama uji sufuriani mama anapoukoroga. Meli, fahari ya wakati ule, iko katikati, nyeusi, imepinda, kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Wapo walioikejeli, wakasema ni povu la sabuni na chokaa.

Nyinyi hamwezi kusema hivyo. Mnaujua Mto Mathare: kiangazi ni kijito cheusi cha taka. Usiku mmoja wa Aprili 2024 ulifura, ukaingia majumbani watu wamelala, ukabeba mabati, magodoro na roho za watu. Aliyekuwa amepanda juu ya paa usiku ule, akisikia maji yakinguruma gizani, anaielewa picha ya Turner bila kufundishwa.

Na kuchora si kwa watoto wa London tu. Kule Mukuru, wasanii wa kikundi kiitwacho Wajukuu wamewafundisha watoto wa mtaa kwa miaka mingi, na mwaka 2022 kazi za wasanii hao zilionyeshwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya documenta.

Kwa hiyo mawingu yakitanda tena juu ya Kayole, chukua penseli upande darini. Anza na anga, uipe karatasi karibu yote. Mtu mchore mwisho, mdogo.