Je, Wajua? Maziwa Yanayotokea Puani

Mtoto wa mbwa ananyonya, maziwa yanamtoka puani. Mfungue mdomo: huenda kaakaa lina ufa. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na pande mbili za kaakaa huungana karibu na katikati yake. Zikikosa kukutana, chanzo chaweza kuwa urithi (mbwa wa pua fupi wanaongoza), vitamini A kupita kiasi, au dawa ya fangasi ya griseofulvini aliyopewa mama.

Kwala, wilayani Kibaha, kwenye bandari kavu na mifugo, mbwa ni mlinzi kwanza, na mtoto kama huyu ni rahisi kuonekana hasara. Lakini hafi kwa ufa wenyewe. Humuua njaa, au maziwa yanayoingia mapafuni na kuleta nimonia.

Hulishwa kwa mrija mwembamba hadi tumboni, uliopimwa kutoka pua hadi ubavu wa mwisho, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Daktari wa mifugo akuoneshe kwanza; mrija ukiingia njia ya hewa, umemzamisha. Alale kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa mtu. Maziwa ya ng'ombe matupu hayamtoshi: ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili.

Upasuaji husubiri miezi mitatu hadi minne, na mshono huweza kuachia ukarudiwa. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, mbele kwenye reli inayopita Kwala. Akipona, asizalishwe.