Kujaribu michezo ya mtandaoni: Burudani ya bure au kazi isiyo na ujira?

Na Mwandishi Wetu

KABLA ya mchezo mpya wa kompyuta unaochezwa kupitia intaneti kuanza kuuzwa, kwa kawaida hupita kwanza mikononi mwa maelfu ya watu ambao si waajiriwa wa kampuni iliyoutengeneza, na ambao aghalabu hawalipwi hata senti moja.

Hao ni wajaribu wa kujitolea. Hupewa toleo ambalo bado lina kasoro, linalojulikana kama beta, wakalicheza na kueleza waliyoyaona. Jina hilo linatokana na herufi ya pili ya alfabeti ya Kigiriki, kwa kuwa hatua ya kwanza, yaani alfa, kwa kawaida hufanywa na watengenezaji wenyewe ndani ya ofisi zao.

Vijana wengi wa mijini huvutiwa na nafasi hizo kwa sababu huwawezesha kucheza mapema na bila malipo. Hata hivyo, wachache hujiuliza ni kitu gani hasa wanachokitoa, na wanapata nini badala yake.

Sababu ya kampuni kuwahitaji ni bayana. Mafundi mia moja walioketi katika jengo moja hawawezi kuiga hali ya watu laki moja wanaoingia mchezoni kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na kompyuta ya aina yake, intaneti ya kasi yake na tabia zake. Kuna kasoro ambazo hazijitokezi mpaka umati uwepo.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa mchezo wa Ultima Online, uliotengenezwa na kampuni ya Origin Systems ya Austin, Texas, nchini Marekani, na kutolewa Septemba 1997. Kampuni hiyo ilipotangaza majaribio, watu wapatao 50,000 walijiandikisha kulipa dola 5 kila mmoja ili watumiwe diski. Wajaribu hao, basi, hawakukosa ujira tu, bali walilipia nafasi ya kufanya kazi.

Agosti mwaka huo, wakati wa kupima uwezo wa seva kwa kuzijaza watu, muasisi wa mchezo huo, Richard Garriott, alijitokeza mbele ya wachezaji akiwa mfalme Lord British, mhusika aliyekusudiwa asiweze kufa. Seva zilikuwa zimezimika muda mfupi kabla, na kinga ya mfalme haikuwa imerejeshwa. Mjaribu mmoja alimrushia moto wa kichawi, na mfalme akaanguka na kufa hadharani.

Mchezaji huyo alifungiwa baadaye. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hakuadhibiwa kwa kumuua mfalme, bali kwa kuwa hapo nyuma alikuwa akizitumia kasoro za mchezo kwa manufaa yake badala ya kuziripoti.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mjaribu na mchezaji wa kawaida. Mchezaji akigundua ukuta unaopitika, hupita na kuchukua dhahabu iliyo nyuma yake. Mjaribu hurudi mahali hapo mara ya pili na ya tatu ili ahakikishe, kisha huandika.

Ripoti yenye manufaa hueleza mambo manne: mjaribu alikuwa akifanya nini, alitarajia kitokee nini, kilitokea nini, na ni hatua zipi mtu mwingine azifuate ili kasoro hiyo ijirudie. Huambatanishwa na aina ya kompyuta, saa ya tukio na, inapowezekana, picha ya skrini. Kuandika kwamba mchezo umeganda, bila maelezo zaidi, hakumsaidii fundi aliye maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Pamoja na hayo, ripoti nzuri si kitu endapo hakuna muda wa kuifanyia kazi. Mchezo wa Final Fantasy XIV wa kampuni ya Square Enix ya Japani ulifanyiwa majaribio ya wazi mwezi Septemba 2010, na mwezi huohuo, tarehe 30, ukaingia sokoni. Ulipokewa kwa lawama nyingi.

Desemba mwaka huo uongozi wa mradi ulibadilishwa, na kazi ikakabidhiwa Naoki Yoshida. Novemba 2012 seva za toleo la awali zilizimwa kabisa, na mchezo ukazaliwa upya Agosti 2013, safari hii baada ya awamu kadhaa za majaribio.

Ni kweli pia kwamba majaribio hayafichui kila kitu. Aprili 2012 kampuni ya Blizzard iliufungulia umma mchezo wa Diablo III kwa siku chache za mwisho wa wiki. Ulipotolewa Mei 15, wanunuzi wengi walishindwa kuingia, wakabaki wakitazama ujumbe wa hitilafu namba 37, uliowaarifu kwamba seva zimeelemewa.

Suala la ujira limewahi kufika mahakamani, ingawa waliolifikisha hawakuwa wajaribu. Mwaka 2000 baadhi ya waliojitolea kuwaongoza wachezaji wapya wa Ultima Online waliishitaki kampuni wakidai malipo ya kazi. Shauri linalofanana na hilo, lililofunguliwa mwaka 1999 na waliojitolea katika kampuni ya intaneti ya AOL, lilimalizika mwaka 2010 kwa makubaliano ya dola milioni 15.

Mjaribu anapaswa pia kujua anachokiingiza katika kompyuta yake. Aprili 2020, kampuni ya Riot Games ilipoanza majaribio ya mchezo wa Valorant, wajaribu waligundua kwamba programu yake ya kuwanasa wadanganyifu, Vanguard, ilifanya kazi ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta na iliamka mara tu kompyuta ilipowashwa, hata kama mchezo wenyewe haukufunguliwa. Kampuni iliitetea kuwa ni ya lazima, lakini baada ya malalamiko iliwapa watumiaji njia nyepesi ya kuizima.

Aidha, matapeli nao hawako nyuma. Blizzard imewahi kuwaonya wachezaji wake juu ya barua pepe za kughushi zinazowaalika kwenye majaribio, kumbe lengo ni kuwaibia maneno ya siri. Mwaliko wa kweli huweza kuthibitishwa kwa mtu kuingia mwenyewe katika akaunti yake, bila kubonyeza kiungo alichotumiwa.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi, lipo jambo jingine la kupima. Toleo la majaribio laweza kuwa na makumi ya gigabaiti, na hurekebishwa mara kwa mara, hivyo anayetumia vifurushi vya simu hulipa kila anapopakua. Michezo mingi pia haina seva Afrika Mashariki, na mawasiliano husafiri hadi Ulaya au Afrika Kusini na kurudi, jambo linaloweza kuchelewesha kila tendo la mchezaji.

Lakini ucheleweshaji huo ndio unaoifanya ripoti ya mjaribu wa huku kuwa na thamani, kwa kuwa aliye jirani na seva hawezi kuuona. Asipouandika, mchezo utauzwa kana kwamba haupo.

Anayetaka kujitolea ni vyema asome masharti kabla ya kukubali, hasa kuhusu kutunza siri, taarifa zitakazokusanywa na hatima ya alivyovipata mchezoni, ambavyo kwa kawaida hufutwa majaribio yanapokwisha. Akisharidhika, na aketi na daftari pembeni, kwani kitakachobaki ni kile alichokiripoti.