Vikoa vya Wataalamu: Nani Anayehakiki Sifa?

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi baadhi ya majina ya intaneti yanavyotengwa kwa ajili ya wanataaluma, na kwa nini masharti yake huvunjika. Suala hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha, kwani kanuni huandikwa kwa maneno, na maneno yakilegea kanuni nayo hulegea.

Tuanze na neno kikoa. Tangu zamani, kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, kila mmoja akiandaa chakula siku yake. Siku hizi neno hilo hutumika pia kwa jina la tovuti, hasa sehemu ya mwisho ya anwani, kama vile .com au .ug. Vikoa vingi viko wazi kwa yeyote anayelipa ada. Vingine vina masharti: anwani zenye .ac.ug, .ac.ke na .ac.tz, kwa mfano, zimetengwa kwa taasisi za elimu.

Kikoa cha .pro kinatupa funzo zuri. ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, lilikichagua Novemba 2000 pamoja na vingine sita. Usajili ulipoanza mwaka 2004, kilikusudiwa wanasheria, madaktari na wahasibu, ambao walipata majina chini ya law.pro, med.pro na cpa.pro. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba ana leseni ya kazi yake. Lengo lilikuwa kwamba mgonjwa au mteja akiiona anwani hiyo awe na hakika kuwa mwenye tovuti amehakikiwa.

Mwanya ulijitokeza mapema. Mwaka 2005 msajili mmoja alianza kuchukua majina kwa niaba ya wateja. Katika kumbukumbu za usajili, mwenye jina alikuwa msajili. Aliyelitumia alikuwa mteja asiye na leseni. Hivyo sharti lilionekana kutimizwa, ilhali kusudi lake lilikuwa limepotea. Mwaka 2008 masharti yalipanuliwa ili kukubali taaluma nyingine zenye leseni, na mwaka 2015 yaliondolewa kabisa. Leo yeyote anaweza kusajili jina la .pro, na herufi hizo hazithibitishi sifa yoyote.

Kikoa cha .bank, kilichofunguliwa mwaka 2015, kilifuata njia nyingine. Benki huhakikiwa kabla ya kupewa jina, na huhakikiwa tena baadaye. Aidha, hairuhusiwi kusajili jina kwa kujificha nyuma ya mtu mwingine. Kwa hiyo mwanya ulioidhoofisha .pro umezibwa.

Kutokana na mifano hii tunaona kwamba kanuni ya sifa inapaswa kujibu maswali matatu. Nani anahakiki? Anahakiki mara moja tu, au mara kwa mara? Na je, sharti linambana anayesajili pekee, au pia anayelitumia jina?

Wanafunzi wa tafsiri wana la kuzingatia hapa. Neno mtaalamu katika Kiswahili humaanisha mtu mwenye ujuzi mkubwa wa jambo fulani. Mganga wa mitishamba ni mtaalamu. Fundi stadi wa majahazi ni mtaalamu. Neno hilo halibebi dhana ya leseni. Anayetafsiri kanuni ya namna hii akaandika "wataalamu" peke yake, ataruhusu wasiokusudiwa. Ni bora aandike "mwanataaluma mwenye leseni iliyotolewa na mamlaka husika", hata kama sentensi itarefuka.

Mwisho, tunawashauri wasomaji wasiamini sifa za daktari au mwanasheria kwa kutazama anwani ya tovuti yake tu. Orodha ya waliosajiliwa hutunzwa na baraza au chama cha taaluma yake, na huko ndiko pa kuuliza kabla ya kutoa fedha au kukabidhi siri zako.