Singida: Mifugo Mingi, Nyama kwa Kipimo

Mkenya anayevuka mpaka wa Namanga, akapita Arusha, Babati na Katesh chini ya Mlima Hanang, hufika Singida akiwa amekwisha kuona makundi ya ng'ombe njia nzima. Mji umekaa kando ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, katikati ya tambarare kavu yenye mawe makubwa. Mkoa ulianzishwa mwaka 1963, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi kidogo ya milioni mbili. Mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mgeni hudhani kwamba penye mifugo hii yote nyama haikosekani mezani. Lakini akikaribishwa kijijini, ataandaliwa ugali wa mtama, uwele au mahindi kwa mlenda, na siku nyingine dagaa.

Ng'ombe wa wenyeji wa hapa, Mnyaturu au Mnyiramba, hafugwi ili achinjwe. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alionyesha kwamba ng'ombe hapa ni mtaji: hubadilishwa kwa nafaka mwaka wa njaa, hutolewa mahari, hujenga urafiki baina ya koo. Mambo ni hayo hayo hadi leo, ila ada za shule na gharama za hospitali zimeongezeka kwenye orodha. Shida ikibisha hodi, mnyama hupelekwa mnadani, na anayemnunua mara nyingi ni mfanyabiashara wa kulisha mabucha ya mjini au miji ya mbali. Wafugaji wetu wa Kajiado na Turkana wataielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa. Mwenye zizi anaweza kumaliza mwezi bila kutoa hata shilingi moja kununua nyama.

Bucha hutegemea watu wa kundi jingine. Mwalimu, muuguzi na karani wa halmashauri hawana zizi, lakini wana mshahara, na wiki ya kwanza baada ya malipo ndipo kilo nzima inapopimwa. Mwezi ukielekea kuisha, kipimo hushuka hadi nusu, kisha robo. Dereva wa bodaboda na kibarua, ambao hupata fedha siku kwa siku, hununua kwa mtindo huo huo: leo supu ya makongoro asubuhi, kesho utumbo wa kupeleka nyumbani, keshokutwa maharage. Kwa hiyo mtu wa mjini asiye na hata mbuzi mmoja anaweza kutumia fedha nyingi zaidi kwa nyama kuliko mwenye ng'ombe thelathini kule wilayani Ikungi.

Kwa mkulima, kinachoamua ni kalenda. Alizeti na vitunguu vikishauzwa baada ya mavuno, fedha huonekana, sherehe na harusi hupangwa, na mbuzi huchinjwa. Kuanzia Januari, ghala linapopungua na palizi kuanza, kila senti huelekezwa kwenye unga.

Kuku wana habari yao. Kuku wa kienyeji wa Singida wana jina Tanzania nzima. Wachuuzi huwakusanya kijiji kwa kijiji, huwapakia kwenye matenga, na wengi huishia kwenye masoko ya Dar es Salaam kama Kisutu, ambako huuzwa ghali kuliko wale wa kisasa. Wafugaji wake wakubwa ni wanawake, na kwa mwanamke jogoo mmoja ni sabuni, chumvi, daftari la mtoto na nauli ya kwenda zahanati. Kumchinja bila sababu ni kuvunja kibubu. Nyumbani kuku huchinjiwa mgeni, mzazi aliyejifungua, au sikukuu. Huchinjwa pia kwa haraka mdondo, ugonjwa wa kuku, unapoingia kijijini, kabla haujawamaliza wote. Ndiyo maana chanjo ya mdondo ina maana kubwa kwa mapato ya mama wa nyumbani.

Imani nayo ina sehemu yake. Waislamu ni wengi, hasa kwa Wanyaturu, na Idd el-Hajj huleta nyama ya sadaka hata kwa kaya ambazo hazikununua chochote. Wakristo wa mjini wana kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, biashara ya jioni inayokwenda na vinywaji, na fedha zake hutoka mfukoni mwa baba zaidi kuliko kwenye kapu la nyumba. Wafugaji wa Kibarbaig hutegemea zaidi maziwa ya ng'ombe wao. Wahadzabe wachache wa wilaya ya Mkalama, upande wa Ziwa Eyasi, bado huwinda kwa upinde, na nyama yao haipiti kwenye mizani wala risiti.

Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alieleza mwaka 1857 kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu ya matumizi inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Singida haipingi kanuni hiyo, ila nyama huwa ya mwisho ndani ya fungu hilo la chakula. Utafiti wa bajeti za kaya Tanzania Bara wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Hiyo ni takriban 1,600 kwa siku, kwa chakula na mahitaji mengine yote. Unga na mafuta hutangulia. Utafiti wa namna hiyo hukadiria pia thamani ya chakula ambacho kaya imejizalishia. Pasipo hilo, mfugaji angeandikwa kuwa hali nyama kabisa, ilhali huila kwenye msiba, kwenye mahari na ng'ombe anapovunjika mguu.

Anayetaka kuijua kaya ya Singida kwa nyama yake basi asianze kwa kuhesabu mifugo. Aulize fedha huingia kila siku, kila mwezi au mara moja kwa mwaka, na aulize ni nani anayezishika.