Mifupa Michanga Katika Mbio Ndefu

Mfupa mrefu wa mtoto wa mbwa haurefuki mahali pote kwa pamoja, bali hurefuka kutoka kwenye tabaka jembamba lililo karibu na ncha zake, ambalo huitwa bamba la ukuaji na ambalo bado halijawa mfupa, kwa kuwa limeumbwa kwa gegedu, yaani ile tishu nyumbufu inayolipa sikio la binadamu umbo lake. Humo seli hujigawa na kupangana safu kwa safu, zile changa zikizidi kuongezeka huku zile zilizokomaa zikijazwa kalsiamu na kugeuka mfupa mgumu, na kazi hiyo huendelea mpaka mnyama afikie kimo chake, ndipo bamba lote linapogeuka mfupa na kufunga. Swali ambalo wapenda mbio za asubuhi huwauliza madaktari wa mifugo, la ni umri gani mbwa anaweza kuanza kukimbia pamoja na bwana wake, kwa hakika ni swali kuhusu bamba hilo, na asiyelifahamu hubaki ameshika tarakimu tu bila kujua inalinda nini.

Katika mwili unaokua, bamba la ukuaji ni dhaifu kuliko mfupa unaolizunguka, na ni dhaifu hata kuliko kano zinazofunga mfupa mmoja na mwingine, kwa hiyo kishindo ambacho kwa mbwa mzima kingeishia katika kuteguka kiungo, kwa mtoto huweza kulipasua au kuliponda bamba lenyewe. Mwaka 1963 madaktari wa mifupa wa Kanada, Robert Salter na W. Robert Harris, waliyapanga majeraha ya aina hii kwa watoto wa binadamu katika makundi 5, na madaktari wa mifugo wakaupokea mpango huo kwa ajili ya mbwa na paka. Kundi la 5, la bamba lililopondwa, ndilo linalotisha zaidi, kwa sababu siku ya ajali picha ya eksirei huenda isioneshe kasoro yoyote, na madhara yakajitokeza wiki kadhaa baadaye mguu unapoanza kupinda.

Mahali panapoumia kwa namna hiyo mara nyingi kwa mbwa ni chini ya kiwiko cha mguu wa mbele, ambako mifupa miwili hukua bega kwa bega. Mfupa wa nyuma, ule unaotokeza kwenye ncha ya kiwiko, hupata takriban asilimia 85 ya urefu wake kutoka kwenye bamba moja lililo karibu na kifundo cha chini, na bamba hilo kwa mbwa lina umbo la pia, kiasi kwamba nguvu inayolisukuma kutoka ubavuni huligandamiza badala ya kulitelezesha. Likipondwa, mfupa huo husimama kukua ilhali mwenzake wa mbele unaendelea kurefuka, na kwa kuwa miwili hiyo imefungamana, ule mfupi humvuta mwenzake kama uzi unavyouvuta upinde, mguu ukajikunja, wayo ukaelekea nje, na kiwiko nacho kikakosa kukaa sawasawa. Tiba yake ni upasuaji, na upasuaji wa mifupa ya mbwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki ni wa gharama kubwa na hupatikana kwa shida. Ni kweli kwamba majeraha haya hutokana zaidi na kuanguka, kugongwa na gari au kuruka kutoka mahali pa juu kuliko na mwendo wa kawaida, lakini mbio ndefu juu ya lami humchosha mtoto, na misuli iliyochoka haiwezi tena kupokea kishindo kwa niaba ya viungo.

Mabamba hayafungi siku moja kwa mbwa wote. Mbwa wadogo, wenye uzito usiofika kilo 10, kwa kawaida hukamilisha ukuaji wa mifupa baina ya miezi 8 na 10, na wale wa kati, ambao ndani yao wamo mbwa koko wengi wa mitaani na vijijini, hukaribia kukamilisha wanapotimiza mwaka 1. Mbwa wakubwa kama German Shepherd, anayependwa sana kwa ulinzi wa nyumba katika miji yetu, na Labrador, huhitaji kusubiriwa hadi miezi 15 au 18, na majitu kama Great Dane na Boerboel, mlinzi wa mashamba aliyetokea Afrika Kusini, huweza kuhitaji miezi 18 hadi 24. Hapa pana mtego, maana mbwa mkubwa wa miezi 8 huonekana kama mtu mzima, ana kimo, ana sauti nzito na nguvu za kumburuta mtu, na wenyewe wengi humhukumu kwa umbo hilo, ilhali ndani ya mguu wake gegedu bado liko kazini. Anayetaka uhakika kuliko makadirio humwomba daktari ampige mbwa picha ya eksirei, ambamo bamba lililo wazi huonekana kama mstari mweusi karibu na ncha ya mfupa, na lililofunga halionekani tena.

Hata hivyo ingekuwa kosa kubwa kudhani kwamba mtoto wa mbwa afungiwe mpaka akomae. Mwaka 2012 watafiti wa Norwei walichapisha matokeo ya kufuatilia mbwa wa aina 4 kubwa, wakiwemo Labrador na Newfoundland, wakitafuta chanzo cha displasia ya nyonga, yaani hali ambayo kichwa cha mfupa wa paja hakikai barabara katika tundu lake, kikalegea, na mwisho kikasababisha baridi yabisi. Waliona kwamba watoto waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya kufikia miezi 3 walikuwa katika hatari zaidi, na kwamba wale walioachiwa huru katika umri huohuo kucheza juu ya ardhi laini isiyo tambarare walikuwa katika hatari ndogo. Kabla ya hapo, mwaka 2006, uchunguzi wa Labrador nchini Uswidi ulihusisha mchezo wa kukimbiza mipira na vijiti vinavyotupwa na kasoro za nyonga na viwiko. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja hudokeza kwamba si kukimbia kunakodhuru, kwa kuwa mtoto wa mbwa hukimbia siku nzima kwa hiari yake, bali ni kukimbia ambako mwingine ndiye anayeamua kasi, umbali na wakati wa kupumzika.

Mtoto aliyeachiwa uani hukimbia kwa vipande vifupi, hugeuka, hulala chali, hunusa kitu, kisha huondoka tena, na kwa kubadilika hivyo hakuna kiungo kinachopigwa mahali palepale mara elfu. Mbwa mwitu wa mbuga za Serengeti na Ruaha, ingawa ni spishi nyingine, huwaacha watoto wao pangoni kwa takriban miezi 3 ya mwanzo, na hata wanapoanza kutembea na kundi, wawindaji ni wakubwa, watoto wakifuata nyuma na kupewa nafasi ya kula kwanza. Mbwa wa nyumbani aliyefungwa kamba hana nafasi ya kubaki nyuma. Anamfuata bwana wake kwa sababu ameumbwa kufuata, na ataendelea kufuata huku anaumia, jambo ambalo mtu mwenye huruma hapaswi kulitumia kama ushahidi kwamba mnyama anaweza.

Uingereza kumeenea kanuni isemayo kwamba mtoto wa mbwa atembezwe kwa kamba dakika 5 kwa kila mwezi wa umri wake, hivyo wa miezi 4 apate dakika 20. Kanuni hiyo haikutokana na majaribio ya kisayansi, na haifai kutumiwa kupima michezo ya uani, lakini kwa matembezi ya kamba ni tahadhari isiyo na madhara.

Kabla ya kuuliza habari za mbio, inafaa kutazama bakuli la chakula, kwa kuwa mifupa hujengwa hapo. Mtoto anayelishwa ugali na nyama tupu hupata fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mwili wake hulazimika kuichota kalsiamu kutoka katika mifupa yenyewe, ambayo hulegea na kuvunjika kwa pigo dogo, na kwa mnyama wa namna hiyo hakuna umri wowote ulio salama mpaka chakula kirekebishwe. Dagaa wanaopikwa wazima pamoja na mifupa yao hupunguza sehemu ya upungufu huo. Kinyume chake, mtoto wa mbwa mkubwa ambaye tayari anakula chakula kamili cha dukani hapaswi kuongezewa unga wa kalsiamu, kwa maana katika umri huo utumbo wake hauwezi kuizuia ziada, na ziada hiyo huharibu ukuaji wa gegedu. Unene nao ni mzigo: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, Labrador 48 waligawanywa wawili wawili, mmoja akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake tangu utotoni, na wale waliokula kidogo waliishi karibu miaka 2 zaidi na walichelewa kupata maradhi ya viungo.

Kuhasiwa mapema nako kuna uhusiano na umri wa kuanza mbio, kwa kuwa homoni za uzazi ndizo zinazoyaamuru mabamba kufunga, na mbwa aliyeondolewa korodani au ovari kabla ya kubalehe hukawia kufunga mabamba yake, hivyo subira yake iwe ndefu zaidi.

Umri ukishatimia, mbwa huanzishwa kama anavyoanzishwa mtu ambaye hajawahi kukimbia. Kwa wiki 2 au 3 za kwanza huchanganyiwa matembezi ya haraka na dakika 1 au 2 za mwendo wa matiti, yaani ule wa kukimbia polepole, juu ya udongo au nyasi, siku 3 kwa wiki, na umbali huongezwa kidogo kidogo. Afadhali avalishwe mkanda wa kifuani kuliko kufungwa shingoni. Jua nalo ni adui asiyengoja umri, kwa sababu mbwa hatoi jasho mwilini isipokuwa kidogo kwenye nyayo, naye hujipoza kwa kuhema, njia ambayo hupungua nguvu penye unyevu mwingi hewani kama Dar es Salaam au Mombasa. Joto la mwili wake, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, likifika 41 maisha yake yamo hatarini. Mbio za saa 12 asubuhi ndizo zifaazo, na lami ambayo kiganja cha mtu hakiwezi kutulia juu yake haifai kwa nyayo za mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa na ile ya ugonjwa wa parvo ziwe zimekamilika kabla hajakutana na mbwa wengine barabarani.

Baada ya hapo kinachobaki ni kumtazama, hasa asubuhi inayofuata mbio, kwa kuwa maumivu ya viungo hufichika mwili ukiwa umepata joto na hudhihirika baada ya usingizi. Mbwa anayeinuka kwa kukakamaa, anayechechemea hatua za kwanza kisha akanyooka, anayekimbia kwa kuirusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, au anayesita kupanda mahali alipozoea kuruka, apumzishwe na kupelekwa kwa daktari, na katika German Shepherd wa miezi 5 hadi 18 huwapo pia panosteitisi, uvimbe wa ndani ya mifupa unaohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine na kupoa wenyewe baada ya muda. Na akiketi katikati ya njia, asivutwe kwa kamba; apewe maji kivulini, kisha bwana wake arudi naye nyumbani polepole kwa miguu.